Nia njema haitoshi: Dhima ya anayenakili kitabu

Ipo hoja moja ambayo imenisumbua tangu mwaka jana, na nimeona niilete mbele ya wasomaji wa ukurasa huu ili tutafakari pamoja. Hoja yenyewe ni hii: mtu akinakili kitabu cha elimu kwa nia njema, akakisambaza bure kwa kutaraji radhi za Mwenyezi Mungu (s.w.), na katika kunakili kwake likaingia kosa ambalo hakulikusudia wala hakulijua, je, ana dhima yoyote? Au nia yake njema inamtosha?

Huenda msomaji akadhani hili ni swali la wanazuoni wa zamani waliokuwa wakinakili kwa kalamu ya mwanzi na wino. La hasha. Leo ni swali la kila mwenye simu na kompyuta. Na mimi sikulipata kwenye kitabu. Limenikuta mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa maarifa ya Uislamu hapa Daudi, wilayani Mbulu. Waislamu huku kwetu ni wachache, na duka la vitabu vya dini hatuna. Ukihitaji kitabu unamwagiza mtu anayeshuka Arusha, na akirudi bila kitabu unasubiri safari nyingine. Kwa sababu hiyo tangu nikiwa chuo kikuu nilikuwa na pupa ya kukusanya vitabu katika kompyuta. Kila niliyekutana naye mwenye flashi nilimwomba aniwekee. Vilikuwemo vya tafsiri, vya fiqhi, vya sira, vya Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza. Mwaka juzi nilipohesabu, nilikuta faili 1,340. Lakini ukinitaka nikutolee kitabu fulani nilishindwa, kwa kuwa nusu ya faili hizo hazikuwa na majina. Moja iliitwa "scan0047", nyingine "kitabu kizuri sana", nyingine "mpya mpya 2".

Ndipo mwenzangu mmoja akanionyesha programu iitwayo Calibre. Ni programu ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na mtaalamu mwenye asili ya India, Kovid Goyal, na kazi yake ni kuwa mkutubi wa vitabu vilivyo katika kompyuta. Unakiingiza kitabu, unajaza jina la mwandishi, anwani, mchapishaji, mwaka na maudhui, nayo inakipanga katika folda ya mwandishi wake. Zaidi ya hapo, inabadili kitabu kutoka muundo mmoja kwenda mwingine. Hili ndilo lililonifurahisha. Wanafunzi wangu wengi wana simu ndogo. Kitabu cha PDF ukurasa wake haubadiliki ukubwa, hivyo mwanafunzi analazimika kuusogeza kulia na kushoto ili amalize mstari mmoja. Lakini kikigeuzwa kuwa EPUB, maneno yanajipanga upya kulingana na kioo cha simu, na kinasomeka kama ujumbe wa kawaida.

Basi likizo nzima nikawa sina kazi nyingine. Umeme ukikatika naudhika, ukirudi naendelea. Vitabu vilivyokuwa picha tupu za kurasa nilivipitisha kwanza katika programu nyingine inayosoma picha na kutoa maandishi, kisha nikavigeuza kwa Calibre. Vitabu ishirini kwa usiku mmoja, vingine thelathini. Nikaviweka kwenye simu za wanafunzi na za wazazi wao. Nilijiona nimewasha taa.

Baada ya miezi michache, katika kitongoji kimoja jirani, alifariki mwanamume mmoja akaacha mke, watoto wa kiume na wa kike, na mama yake mzazi ambaye ni mzee sana. Baba yake alikuwa ametangulia. Madeni yalipolipwa na gharama za mazishi kuondolewa, pamoja na shamba, walibaki mbuzi na kondoo 24. Tukaitwa watu wachache kwenda kugawa mirathi. Kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, akatoa simu akafungua kijitabu cha mirathi nilichomtumia. Akasoma kwa sauti kwamba marehemu akiwa na watoto, mke anapata 1/8 na mama anapata 1/8. Watu wakaanza kuhesabu: mke watatu, mama watatu.

Pale alikuwepo mzee mmoja aliyesoma chuo utotoni huko Kondoa. Hana simu ya kusomea, na macho yake siku hizi hayaoni herufi ndogo. Akasema, "Mwanangu, hebu rudia hapo." Kijana akarudia. Mzee akasema, "Hapana. Thumuni ni ya mke. Mama ni sudusi." Kijana akajibu kwa adabu, "Babu, ndivyo kitabu kinavyosema. Ustadh ndiye aliyenitumia." Wote wakanigeukia mimi.

Tukafungua tafsiri ya Qur'an ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ile iliyochapwa Nairobi mwaka 1969, Suratun Nisaa aya ya 11. Aya iko wazi: marehemu akiwa na watoto, kila mmoja katika wazazi wake wawili ana sehemu moja katika sita. Na mke, katika aya ya 12, ana moja katika nane. Kwa hiyo bibi yule alistahiki wanne, si watatu. Kijitabu changu kilikuwa kimemnyang'anya mnyama mmoja, na katika shamba kilikuwa kimemnyang'anya robo ya haki yake.

Niliporudi nyumbani nilifungua picha halisi ya ukurasa ule. Mwandishi alikuwa ameandika sawasawa kabisa: 1/6. Ni ile programu ya kusoma picha iliyoona tumbo la 6 lililofifia kwa wino ikaliita 8. Tena nikakuta makosa mengine. Tanbihi za chini ya ukurasa zilikuwa zimepanda na kuingia katikati ya maelezo. Namba za kurasa zilikuwa zimejipachika ndani ya sentensi. Mahali pamoja neno "haijuzu" lilikuwa limekatwa mwishoni mwa ukurasa, "hai" ikabaki huku na "juzu" ikaangukia upande wa pili, na katikati yake kikaingia kichwa cha habari cha sura. Msomaji mwenye haraka angeweza kuondoka na kinyume cha hukumu. Na kibaya zaidi, kitabu chenyewe hakikuwa na jina la mwandishi. Kurasa za mwanzo zilichanika kabla ya kupigwa picha. Ndicho kile kilichokuwa kikiitwa "scan0047".

Sasa turejee kwenye swali letu. Je, nina dhima?

Nilipomweleza mwalimu mwenzangu, alinitetea. Alisema, "Ustadh, usijitwishe mzigo. Matendo huangaliwa kwa nia, na wewe hukukusudia. Isitoshe, heri watu mia wasome kitabu chenye makosa mawili matatu kuliko kitabu sahihi kifungiwe kabatini kisisomwe na yeyote." Hoja yake si ya kubeza, hasa kwa sisi tunaoishi mbali na maktaba. Ukweli ni kwamba lau si vitabu hivi vya simu, wanafunzi wangu wengi wasingekuwa na kitabu hata kimoja cha fiqhi. Nilitamani sana kuikubali hoja hiyo na kulala usingizi.

Lakini kila nilipoipima niliona inachanganya mambo mawili ambayo wanazuoni wa fiqhi wameyatenganisha kwa makini: dhambi na dhamana. Dhambi hufuata makusudio. Mwenyezi Mungu (s.w.) ametubainishia katika Suratul Ahzab aya ya 5 kwamba hatuna lawama katika tuliyoyakosea, bali katika yale ambayo nyoyo zimeyakusudia. Hii ni rehema kubwa. Ama dhamana, hiyo hufuata madhara. Tazama Suratun Nisaa aya ya 92. Aliyeua kwa bahati mbaya hakukusudia, na bado amewajibishwa kulipa diya kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wenyewe wakisamehe. Kadhalika imepokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye kujitia kutibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa atakachokiharibu. Bila shaka tabibu huyo naye alitaka mgonjwa apone. Nia yake haikumwondolea udhamini.

Kwa hiyo nia njema inamkinga mtu na dhambi ya kosa lenyewe, lakini haimrudishii bibi mbuzi wake. Na hata kinga hiyo ina mpaka. Mtu akishajua kwamba njia anayoitumia huzaa makosa, kisha akaendelea nayo bila kukagua, hapo hawezi tena kusema "sikujua". Huo ni uzembe, na uzembe ni kitu ambacho mtu amekichagua.

Ama hoja ya kwamba heri kitabu chenye makosa kuliko kukosa kitabu, inategemea kitabu chenyewe. Kitabu cha hadithi za watoto kikikosewa neno, mtoto atalirekebisha mwenyewe kwa maana. Lakini kitabu cha hukumu, msomaji anakiendea kwa sababu hajui. Hana cha kukipimia. Yule ambaye hana kitabu kabisa angalau anajua kwamba hajui, na atauliza. Mwenye kitabu kilichokosewa anadhani anajua, na hamuulizi mtu. Kijana wangu alikuwa hivyo. Lau asingekuwa na simu siku ile, angemuuliza mzee.

Yupo pia mtu wa pili aliyedhulumiwa ambaye hatukumkumbuka pale kikaoni, naye ni mwandishi. Mtu fulani, huenda ni sheikh aliyekwisha kufariki, aliketi akaandika jambo sahihi. Mimi nikaligeuza, nikalisambaza, na watu wakaondoka wakisema "kitabu kimekosea". Nimemsemesha asilolisema. Tena kwa kutojua jina lake siwezi hata kumsafisha. Na hapa linaingia pia suala la ruhusa. Mwaka 1988 Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, ilipitisha kwamba haki ya mwandishi juu ya kazi yake inalindwa na sharia na haifai kuvamiwa. Nchini mwetu nako ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Wengi wetu tunaliruka jambo hili kwa kusema "ni elimu ya dini". Lakini aliyeiandika elimu hiyo ana familia, na aliyeichapa alitoa fedha.

Ndugu msomaji, wazee wetu hawakukubali nakala ambayo haikulinganishwa na asili yake. Imepokewa kwamba Urwa bin Zubeir (r.a.) alimuuliza mwanawe Hisham iwapo ameandika, akajibu kuwa ameandika. Akamuuliza iwapo ameilinganisha nakala yake na asili, akajibu hapana. Basi Urwa akamwambia kuwa kwa hali hiyo hajaandika kitu. Kazi hiyo waliiita muqabala. Waliketi watu wawili, mmoja akisoma asili kwa sauti na mwingine akifuatisha nakala, na mahali walipofika walitia alama pembezoni kuonyesha kwamba mpaka hapa imekaguliwa. Na pale Khalifa Uthman (r.a.) alipopeleka misahafu katika miji, wanazuoni wa elimu ya Qur'an wanaeleza kwamba kila msahafu ulifuatana na msomaji wa kuufundisha. Kitabu hakikupelekwa peke yake.

Wala mtu asiseme kwamba mambo hayo hayawezekani zama za kompyuta. Mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007, umefanya kazi ya kuhakiki maandishi ya Qur'an ya kompyuta herufi kwa herufi na irabu kwa irabu, kwa kuyalinganisha na msahafu wa Madina. Na huko Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, imehifadhiwa kwa kupigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa maktaba ya taifa ya Uingereza wa kunusuru nyaraka zilizo hatarini. Zingatia kwamba ni picha. Mkono wa mwandishi umebaki ulivyo, na atakayetaka kunakili maandishi yake anayo asili ya kulinganishia.

Lipo jambo jingine ambalo siku ile ilinifundisha, nalo linaniuma zaidi. Katika kikao kile, nani alikuwa na elimu? Mimi nilikuwa na vitabu 1,340 mkobani. Mzee hakuwa na hata kimoja, lakini sudusi ya mama aliibeba kifuani kwa zaidi ya miaka sitini. Ukurasa ule niliugeuza kwa mkono wangu mwenyewe bila kuusoma. Nilikumbuka kisa cha Imam Ghazali katika ujana wake, aliporejea kutoka Jurjan, wakamvamia wanyang'anyi wakachukua mkoba wa maandishi yake. Alipowasihi wamrudishie kwa kuwa ndiyo elimu yake, mkubwa wao akamcheka: vipi unadai kuijua elimu ambayo tukikunyang'anya mkoba unabaki huna? Inasimuliwa kwamba alifika kwao Tus akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote.

Huku Daudi punda ndiye gari la wengi. Nawaona kila siku wakipanda mlima na magunia ya mahindi kwenda mashineni. Katika Suratul Jumua aya ya 5 Mwenyezi Mungu (s.w.) amewapigia mfano wale waliobebeshwa Taurati kisha wasiichukue inavyotakiwa, kwamba ni kama punda aliyebeba vitabu. Nimeifundisha aya hiyo darasani miaka mingi, na siku zote nilidhani inazungumza juu ya watu wengine.

Nilichokifanya baada ya hapo ni hiki, na ninakileta kama nasaha kwa kila anayekusanya na kusambaza vitabu.

Kwanza, nilikwenda kwa familia ile, nikaomba radhi mbele ya wote walionisikia, na nikahakikisha bibi amepata fungu lake. Kisha niliwafuata mmoja mmoja niliowatumia kijitabu kile nikawaomba wakifute. Niliwapata wengi, sikuwapata wote. Walionitoka wamewatumia wengine, na wale siwajui. Hapa ndipo nilipofahamu kwamba nakala ya kompyuta haina kamba ya kuivutia nyuma.

Pili, kila kitabu nakitafutia jina la mwandishi, mchapishaji na mwaka, na nimejaza pia nani alinipa. Nisipojua naandika "haijulikani", sibahatishi. Sisi ni umma uliojifunza kuuliza "umepokea kwa nani?" kabla ya kuuliza "amesema nini?" Haifai tuwe wakali kwa mpokezi wa hadithi kisha tuwe walegevu kwa faili.

Tatu, sifuti asili. Calibre inaruhusu kitabu kimoja kihifadhiwe kwa miundo miwili mahali pamoja, picha ya kurasa na nakala iliyogeuzwa. Anayetia shaka aweze kurudi kwenye picha.

Nne, nimeweka alama mbili tu: "imelinganishwa" na "haijalinganishwa". Isiyolinganishwa haitoki katika kompyuta yangu. Jioni tunakaa na yule kijana wa kidato cha nne, yeye anasoma picha, mimi nafuatisha nakala. Tunaanza na mambo matatu: tarakimu, aya na hadithi, na maneno ya kukanusha. Maandishi ya Kiarabu yakitoka yamevurugika, herufi zimeachana au mstari umeanzia mwisho, tunaviacha vitabu hivyo katika PDF, kwani kusoma kwa tabu ni bora kuliko kusoma kilichoharibika.

Tano, vile ambavyo wenyewe bado wanaviuza, tunachanga fedha tunaagiza Arusha au Dar es Salaam. Rafu ya msikiti sasa ina vitabu vya karatasi kumi na moja. Yule mzee wa Kondoa tunampa kiti mbele, na kijana humsomea kwa sauti. Akisema "hebu rudia hapo", wote tunanyamaza.

Kwa mwendo huu, katika vile 1,340, vilivyolinganishwa mpaka leo ni 23. Mwenzangu ananicheka kwamba sitamaliza kabla sijazeeka. Ni kweli. Lakini Siku ya Kiyama sitaulizwa nilikuwa na vitabu vingapi. Naogopa kuulizwa juu ya mbuzi mmoja wa bibi kizee, na juu ya wengine ambao kijitabu kile kimewafikia mahali ambapo hapakuwa na mzee wa kusema "hapana".

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyakosea, na atupe uangalifu katika tunayoyajua. Amin.